Mbao za Mafinga kwenda Nairobi: ushuru ni sifuri, mbona faida siioni?

Mpanda_Paina (Mufindi)

Habari za majukumu wakuu.

Nina shamba la paina huku Mufindi na mashine moja ya dingdong, nachana mbao zangu na za majirani. Miaka yote nauza kwa madalali wanaokuja na malori hapa hapa Mafinga. Mwaka huu nataka nipeleke mwenyewe Nairobi, maana naambiwa mbao za Tanzania zinaingia Kenya bila ushuru kwa sababu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sasa kuna huu mkataba wa soko huru la Afrika nzima ambao viongozi wanautaja kila siku redioni.

Nimekaa na karatasi nikapiga hesabu. Bei ya Nairobi ni nzuri kweli. Lakini nikitoa lori, vibali, wakala na kodi ya kule, kinachobaki kinakaribiana na anachonipa dalali nikiwa nimekaa nyumbani. Naomba kueleweshwa: nafuu ya hiyo sifuri inaishia mikononi mwa nani? Na mkataba wa Afrika unamhusu mtu mwenye hekta chache kama mimi, au ni wa wenye viwanda? Kijana wangu ananishauri tuachane na mbao, tuuze miti ikiwa imesimama kwa wenye viwanda vya vinia, zile karatasi nyembamba za mbao za kutengenezea plaiwudi.

Nawasilisha.

Fundi_Dodoma

Mkuu uza hapo hapo Mafinga. Hiyo mikataba ipo kwenye makaratasi tu. Machi 2021 Kenya walizuia mahindi yetu ghafla, malori yakalala mpakani. Kesho wakiamka na mbao utafanya nini na mzigo uko Namanga?

Wakala_Namanga

Kaka Mpanda_Paina, mimi ni wakala wa forodha hapa Namanga na mbao ni sehemu kubwa ya kazi yangu. Nitaandika kwa kirefu, na naomba usome yote kabla hujauza miti ikiwa imesimama.

Sifuri ni ya kweli. Umoja wa Forodha ulipoanza 2005, bidhaa za Tanzania na Uganda ziliingia Kenya bila ushuru tangu mwanzo. Za Kenya kuja kwetu ndizo zilizopunguziwa ushuru mwaka hadi mwaka mpaka 2010. Kwa hiyo hakuna jipya ambalo limekupita. Mbao za Mufindi hazidaiwi ushuru wa forodha Kenya tangu wakati huo, mradi ziwe na cheti cha uasili wa bidhaa, kinachothibitisha kwamba zimetoka Tanzania.

Sasa kuhusu nafuu inaishia kwa nani. Kutotozwa ushuru kunakusaidia pale mshindani wako anapotozwa. Kwenye 2 kwa 4 ya kujengea (ubao wa inchi mbili kwa inchi nne), unashindana na nani Nairobi? Na Mganda, na Mkenya mwenye miti yake, na mwenzako wa Makambako aliyepakia jana. Wote hao hawatozwi, sawa na wewe. Mkifika sokoni mnashushiana bei, na ile nafuu anaondoka nayo mnunuzi. Ndiyo maana hesabu yako imetoka kama ilivyotoka, wala hujakosea kujumlisha.

Angalia samani uone tofauti. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya una kundi la nne la asilimia 35, na samani zimo humo. Kitanda au kabati likitoka nje ya Jumuiya linaanza na huo mzigo mgongoni. Likitoka Mafinga na cheti cha uasili wa bidhaa, linaingia Nairobi bure kwa upande wa forodha. Hapo unayo asilimia 35 ya kupumulia, na kwenye mbao ghafi hunayo. (Tahadhari moja: kila ifikapo mwisho wa Juni nchi wanachama huomba ruhusa ya kutoza viwango tofauti kwa mwaka mmoja, na hutangazwa kwenye gazeti la Jumuiya. Ukiingia kwenye samani, soma tangazo hilo kila mwaka au muulize wakala wako.) Na si kwetu tu. Nchi nyingi zinapokea magogo na mbao ghafi kwa ushuru mdogo au bila ushuru kabisa, halafu kiwango kinapanda kadiri mti unavyofanyiwa kazi. Kwa hiyo mkataba wowote wa biashara huria unamfaidi zaidi anayeuza kilichokwisha kuchongwa. Hili linaniuma, maana naona malori ya mbao mbichi yakipita hapa kila siku, na samani kutoka Mafinga naziona mara chache sana.

Twende kwenye makaratasi. Wengi wanadhani sifuri inakuja yenyewe kwa kuwa mzigo unatoka Tanzania. Haiji. Bila cheti cha uasili, mbao zako zinahesabiwa kama zimetoka nje ya Jumuiya. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupata cheti kilichorahisishwa hapa hapa mpakani, na akina mama wengi wenye biashara ndogo wanakitumia vizuri. Lori zima la mbao linavuka kiwango hicho, kwa hiyo unahitaji cheti kamili, ambacho kwetu unakipata TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Hapo uwe na TP (hati ya kusafirisha mazao ya misitu) ya TFS, wakala wa misitu Tanzania, kibali cha TFS cha kupeleka nje, na cheti cha afya ya mimea. Magogo usiyaweke hata kwenye mawazo, Tanzania hairuhusu yatoke. Upande wa Kenya, mnunuzi wako ndiye anayeomba kibali cha kuingiza kutoka KEPHIS, shirika lao la ukaguzi wa afya ya mimea, na akiombe mapema.

Hiyo "kodi ya kule" uliyoiona ni VAT ya Kenya, yaani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Mkataba hauigusi, kwa sababu hata mbao za Mkenya zinatozwa. Lakini sikiliza hapa: mnunuzi aliyesajiliwa VAT anairudisha kwenye hesabu zake mwenyewe. Asiyesajiliwa hawezi, kwa hiyo ataikata kwenye bei atakayokupa. Watu wawili wanaweza kukutajia bei tofauti kwa mbao zile zile kwa sababu hiyo peke yake. Muulize mnunuzi swali hili kabla hujapakia hata ubao mmoja.

Nikuonyeshe jambo moja ninaloliona sana. Mteja alileta lori, karatasi zote sawa, orodha ya mzigo inasema 2 kwa 4 futi 12. Ofisa akatoa futi kamba. Akachomoa ubao wa juu, akachomoa wa katikati, akachomoa wa chini. Wa juu ulikuwa inchi mbili kamili upande mmoja na inchi moja na robo tatu upande wa pili. Wa katikati ulikuwa 1¾ kwa 3¾ mwanzo hadi mwisho. Sasa ubao wa 1¾ kwa 3¾ umepungua karibu asilimia 18 ya ujazo ukilinganisha na 2 kwa 4 kamili. Kwa maneno mengine, mteja alikuwa ametangaza mbao ambazo hazimo kwenye lori, na VAT ingelipwa juu ya hewa. Cheti cha uasili kiliandikwa kwa ujazo ule ule wa kwenye orodha, hivyo nacho hakikulingana tena na mzigo. Tulirudia karatasi, lori likalala, dereva akadai posho ya kulala, na mnunuzi akapata sababu ya kushusha bei. Hakuna aliyefanya hila. Msumeno ulikuwa umelegea.

Halafu maji. Ubao wa 2 kwa 4 futi 12 ukiwa kamili, mita moja ya ujazo inachukua kama mbao 53. Paina iliyokatwa juzi ina uzito wa karibu kilo 900 kwa mita ya ujazo. Iliyokauka vizuri ina kama 550. Lori la kubeba tani 28 litachukua mita 31 za mbichi, yaani kama mbao 1,640. Za kukauka litachukua karibu mita 51, zaidi ya mbao 2,650. Mbao elfu moja zaidi, kwa nauli ile ile, mafuta yale yale, mizani zile zile kutoka Iringa, Dodoma, Babati hadi Arusha. Niambie ni ushuru gani ungeondolewa ukakupa kiasi hicho.

@Fundi_Dodoma, nakuelewa, nilikuwepo hapa wakati wa mahindi na nilikuwa na wateja ndani ya foleni. Lakini kumbuka kilichofuata. Sababu iliyotolewa ilikuwa sumukuvu, na Mei mwaka ule ule, Rais Samia alipokwenda Nairobi, jambo lilizungumzwa na mahindi yakaendelea. Yalizungumzwa kwa kuwa kuna mkataba ambao pande zote mbili zimesaini. Tangu 2017 Jumuiya ina sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, na kila nchi ina kamati yake ya kupokea malalamiko. Nimepeleka malalamiko ya wateja huko. Si yote yanaisha haraka, lakini yanaandikwa, na yakiandikwa lazima yajibiwe. Asiyelalamika kwa maandishi ndiye anayebaki kusema mikataba haina kazi.

Gikomba_Hardware

Hamjambo ndugu zangu wa TZ. Mimi nanunua mbao hapa Nairobi, na ningetaka Mpanda_Paina asikie pia upande wa mnunuzi.

Februari 2018 serikali yetu ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma. Ilisemwa ni siku 90, ikaendelea miaka. Viwanda vya kupasua mbao vingi vilifunga, na sisi tuliokuwa tunategemea cypress ya hapa tukaanza kutafuta Tanzania na Uganda. Wakati ule tulinunua kila kitu kilichofika, hata kikiwa kimepinda. Julai 2023 Rais Ruto alitangaza akiwa Molo kwamba marufuku imeondolewa. Kuanzia hapo wateja wangu wamerudi kuchagua. Kwa hivyo ukiambiwa na mtu bei aliyopata 2020, usiitumie kwa hesabu zako za sasa.

Mimi naangalia mambo haya: ubao uko sawa pande zote? Umekauka? Una ule weusi wa buluu wa kuvu? Vifundo ni vingapi? Mti wa miaka minane ukipasuliwa, mbao zake zinajikunja hata kabla hazijapigwa msumari, na fundi wa paa anazirudisha kwangu, si kwako. Mbao zilizotiwa dawa na kukaushwa nazilipia zaidi bila kubishana, na nazilipia kwa haraka. Za mbichi nazichukua nikikosa zingine.

Na mimi nimesajiliwa VAT. Dada wa Namanga amesema ukweli kuhusu hilo.

Msaji_Muheza

Naongeza kidogo kutoka huku Tanga. Sisi tunashughulika na mitiki ya Longuza na ya watu binafsi, mzigo mwingi unaenda India. India ina mpango wa nafuu ya ushuru kwa nchi maskini zaidi tangu 2008 na Tanzania tumo. Lakini mnunuzi wa India hajawahi kuniuliza habari za mkataba. Anauliza unene wa mti na moyo wake una ukubwa gani. Mtiki wa miaka kumi na miwili una moyo mdogo na ngozi nyeupe nene, bei inaanguka. Aliyengoja miaka 25 anapigiwa simu mpaka usiku.

Ulaya nako hatudaiwi ushuru tangu 2001, kwa mpango wao wa kupokea kila kitu isipokuwa silaha kutoka nchi kama yetu. Kenya hawamo kwenye kundi hilo la nchi maskini zaidi, ndiyo maana wao walilazimika kusaini mkataba wao na Umoja wa Ulaya, ukaanza kazi Julai 2024, na sisi tukakaa nje bila kupoteza hiyo sifuri. Mlango wa Ulaya sasa ni sheria yao ya ukataji miti: wanataka vipimo vya GPS vinavyoonyesha shamba lenyewe liko wapi na uthibitisho kwamba msitu haukukatwa baada ya 31 Desemba 2020. Utekelezaji umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, ila wanunuzi wakubwa wameanza kuuliza. Mpanda_Paina, hata kama huuzi Ulaya, pima shamba lako na uweke kumbukumbu za mwaka uliopanda. Mwenye kiwanda akiuza huko atakuja kukuomba hizo.

Mpanda_Paina (Mufindi)

Wakuu nashukuru sana, nimesoma mara mbili. Hili la maji limenigusa kwa sababu sisi huku tunachana asubuhi, jioni lori limepakia. Tena Mafinga kuna baridi na ukungu, ubao ukiuacha nje wiki mbili unaota weusi.

Sasa nina maswali mawili yamebaki. Tanuri la kukaushia siwezi kununua peke yangu, kuna njia nyingine? Na dada wa Namanga hujanijibu kuhusu mkataba wa Afrika na vinia.

Wakala_Namanga

Kweli, nilisahau.

Mkataba wa Afrika ulisainiwa Kigali Machi 2018, biashara ikaruhusiwa kuanza Januari 2021, na Tanzania tuliwasilisha hati yetu ya kuuridhia baadaye, Januari 2022. Kwa mzigo wako wa Nairobi hauna kazi. Ndani ya Jumuiya tayari uko sifuri, na hutaki kuacha sifuri uliyonayo ukaombe nyingine yenye masharti mengine. Kwa kusini, kama Zambia na Msumbiji, tuna SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, tulijitoa mwaka 2000. Mkataba wa Afrika unaanza kuwa na maana kwa nchi ambazo hatuna makubaliano nazo, Ghana, Misri, Aljeria. Hata huko ushuru haudondoki siku moja. Asilimia 90 ya aina za bidhaa zinaondolewa ushuru hatua kwa hatua, kwa nchi zisizo kwenye kundi la maskini zaidi ndani ya miaka mitano, kwa nchi kama yetu ndani ya miaka kumi. Na ubao wa 2 kwa 4 hauwezi kulipia meli mpaka Accra. Milango iliyochongwa vizuri, sakafu za mbao, samani za kufungua na kufunga, hizo zinaweza. Kwa hiyo jibu langu la kweli ni kwamba mkataba ule utakufaa siku ambayo wewe au chama chenu mtauza kitu kilichokwisha kutengenezwa. Natamani sana siku hiyo ifike mapema, na sioni sababu Mufindi isiweze. Sao Hill iko hapo, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa ya serikali nchini. Miti ipo, mafundi wapo.

Vinia. Sipingi viwanda vya vinia, vinalipa fedha taslimu na vinanunua hata mti mwembamba ambao kwenye mbao ungekuwa hasara. Kama una miti ya kupunguzia shambani, wauzie hiyo. Ninachokuomba usiwauzie shamba zima la miaka minane kwa sababu fedha iko mezani. Vinia ikiondoka Mafinga ikiwa vinia tu, ile hatua ya kuigandisha kuwa plaiwudi, yenye thamani na yenye kinga ya ushuru, inafanyika kwa mtu mwingine. Na wewe utakaa miaka mingine minane bila mti. Mwambie kijana wako apige hesabu ya mti mmoja leo na mti huo huo ukifika miaka kumi na minane, mbao ngapi za inchi nane zinatoka. Atabadilisha mawazo mwenyewe.

Kukausha bila tanuri inawezekana. Banda lenye paa la bati, pande zote wazi ili upepo upite, tofali chini ili mbao zisiguse udongo, na kati ya kila safu weka vijiti vya unene mmoja, vimenyooka kwa mstari kutoka chini hadi juu. Vijiti visiponyooka ubao unapinda hapo hapo. Juu weka uzito. Kwa baridi ya huko itachukua muda mrefu kuliko Dodoma, lakini itapunguza maji mengi, na ule weusi utapungua kama utazipanga siku hiyo hiyo ya kuchana. Majirani mkiwa watano au sita, banda moja linawatosha kuanzia, na hapo ndipo mtakuwa na hoja ya kwenda benki au kwenye chama kuomba tanuri. Kile kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao kiko Mafinga hapo hapo kwenu, nenda kaombe wakuonyeshe kupanga mbao na kunoa msumeno. Huo msumeno ndio wa kwanza kabisa.

Gikomba_Hardware

Mpanda_Paina, ukipata mzigo wa kwanza uliokauka, nitumie picha za mbao zikiwa kwenye banda na za vipimo pande zote mbili. Nikiona ziko sawa nitachukua lori moja la majaribio, 2 kwa 4 na 1 kwa 8. Bei tutaongea kwa mita ya ujazo halisi, si kwa kipande.

Mpanda_Paina (Mufindi)

Nimekubali mkuu. Kesho Jumapili nakutana na majirani baada ya ibada. Dada, nikianza, karatasi gani itangulie?

Wakala_Namanga

Kibali cha KEPHIS kitangulie. Mnunuzi wako akiombe mara mtakapokubaliana bei, kwa sababu masharti yaliyoandikwa humo ndiyo ambayo mkaguzi wetu wa afya ya mimea anapaswa kuyafuata anapokagua mbao zako. Ukianza na cheti cha huku kabla ya kibali, unaweza kulazimika kukaguliwa upya. Kibali kikifika, pima mbao, andika orodha kwa vipimo halisi, ndipo uende TFS na TCCIA ukiwa na orodha hiyo hiyo moja, tarakimu zisitofautiane hata kidogo. Nitumie nakala yake kabla lori halijaondoka Mafinga.